Gego Lililoniombesha Radhi

Gego langu la mwisho liliota nikiwa na miaka ishirini na minne, wakati nilipodhani mwili wangu umeshamaliza kuota vitu. Ilikuwa mwaka 1967, mwaka wa tatu tangu tushuke Maskati mimi na mume wangu, na masanduku mawili, na mbuzi ya kukunia nazi ambayo mume wangu aliionea haya njia nzima. Tulikaa kwa mama yake, nyumba ya vyumba vitatu na ua, ndani ya ukuta wa mji. Yeye alizaliwa humo, akapelekwa Unguja kwa ami yake angali kijana, akanioa huko, na mambo ya mwaka 64 yalipotutoa akamrudia mama yake na mke asiyejua kupika wali bila ya tui.

Mama yake huyo, mavyaa wangu, maisha yake yote hakuwahi kwenda mbali zaidi ya Matrah, nyuma ya mlima. Alisema Kiarabu tu. Changu kilikuwa Kiarabu cha chuo cha Kurani: nasoma vizuri, lakini mtu akinambia kwa haraka nilete ndoo, naleta mkeka. Miezi ya mwanzo hiyo ilikuwa kweli. Baada ya mwaka haikuwa kweli tena, maana masikio hayakai bure. Ila nilikuwa nimeshaonja raha ya kutofahamu. Mavyaa akinituma jambo nisilolitaka, namtazama kwa adabu na kutabasamu, naye anashusha pumzi, anainuka mwenyewe. Alasiri wakija mashoga zake kunywa kahawa, mimi nawajazia finjani na wao wananisema mbele ya uso wangu. Nilisikia kwamba nacheka mno, kwamba wali wangu una mafuta, kwamba mwanawe alistahili bora. Nikawaongezea kahawa. Redio hatukuwa nayo, na mazungumzo yale yalinitosha.

Sasa gego lenyewe. Halikuota wima kama majirani zake. Lilijilaza, likawa linalisukuma la mbele yake kama mtu aliyechelewa sala anayejipenyeza kwenye safu. Shavu likavimba, ufizi ukawa unatoa maji machungu, na kula kukawa kwa upande mmoja.

Dawa ya kwanza ilikuwa karafuu. Mimi niliyekulia nyumba ambayo karafuu zilianikwa mpaka mlangoni, na sisi watoto tukizikanyaga, nikawa namtuma mume wangu sokoni Matrah aniletee karafuu za kushika kwa ncha za vidole vitatu. Akarudi analalamikia bei. Muuzaji alikuwa amemtuliza kwa kumwambia kwamba hizi ni za asili kabisa, zimetoka Zanzibar.

Karafuu ziliposhindwa, mavyaa akaleta shauri la chuma cha moto. Alinionyesha nyuma ya masikio yake alama alizochomwa kila jino lilipomuuma. Nilizitazama alama, nikayatazama na meno yaliyobaki, nikaona alama ni nyingi kuliko meno. Nikatabasamu kwa adabu kama mtu asiyefahamu. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, safari hii na koleo mkononi, na koleo halihitaji mkalimani. Nilikimbilia chumbani nikafunga mlango.

Mume wangu akanipeleka kwa kinyozi mmoja wa Matrah aliyesifika kwa kung'oa. Dukani kwake alikuwa ametundika uzi wenye meno ya watu, kama ushahidi. Aliniambia niseme bismillahi, akalikamata gego, akavuta, kukasikika mlio kama wa tawi kavu, na lililotoka likawa nusu. Mizizi ilibaki chini ya ufizi. Kinyozi alikuwa mtu mwenye insafu: akapunguza nusu ya ujira, kwa kuwa ametoa nusu ya jino.

Siku ya tatu nikashikwa na homa na taya likakaza. Hapo pakawa hapana ila hospitali ya wamisheni, huko huko Matrah. Daktari alikuwa Mzungu mrefu, na Kiarabu chake kilikuwa cha vitabuni, kama changu, kwa hiyo katika watu wote niliokutana nao Oman huyo ndiye niliyemfahamu kwa wepesi kuliko wote. Hakuwa daktari wa meno. Alikuwa mpasuaji wa kila kitu, macho, ngiri, mifupa, na siku hiyo jino. Alitia kijiko kinywani mwangu, akachungulia, akauliza nani aliyefanya hivi. Mume wangu akataja kazi ya kinyozi bila ya kumtaja kinyozi. Daktari akasema nitachomwa sindano siku nne mfululizo usaha upungue, kisha atanilaza kwa dawa ya kunusa, apasue ufizi, alegeze mfupa kidogo, aitoe mizizi mmoja mmoja.

Nesi wa Kihindi akatupa masharti. Nije na godoro langu, sufuria, na mtu wa kunipikia. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nisile wala nisinywe. Dhahabu niiache nyumbani. Kisha akanipa karatasi nitie dole gumba.

Wanawake waliokuwa mbele yangu walitia madole yao, wakajipangusa wino kwenye mabuibui, wakaenda zao na roho safi. Mimi nilikuwa nimesomeshwa. Baba yangu aliuza shamba la minazi nisome, na siku zote nilikuwa najifaharisha kwa hilo. Nikamwomba nesi kalamu badala ya wino, nikaisoma karatasi tangu juu. Mstari wa nne ulisema kwamba mgonjwa akifa kwa sababu ya dawa ya kulazwa au ya kupasuliwa, watu wake hawatakuwa na dai. Nikausoma mara mbili, nikatia sahihi nzuri sana, na tangu dakika ile nikawa marehemu.

Mavyaa nilipomweleza kwa ishara habari ya karatasi, alimwambia mwanawe kwamba na yeye alitia dole mwaka aliopasuliwa tumbo, na hakuna aliyemwambia mambo ya kufa, na ndiyo maana hakufa.

Kulikuwa na habari ya malipo pia. Hospitali ilikuwa ikimtoza kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, na uwezo huo aliupima karani kwa macho. Mume wangu hakujua. Yeye alikuwa mwandishi wa barua katika duka la tajiri mmoja Matrah, na rupia alizolipwa zilikwisha kabla ya mwezi. Lakini siku ile, kwa kuwa anampeleka mkewe mbele ya wageni, alivaa kanzu iliyopigwa pasi, kilemba cha harusi, na jambia la marehemu baba yake lenye ala ya fedha. Karani akamtazama toka juu mpaka chini, akaandika kiwango cha wakubwa. Nyuma yetu alisimama yule yule tajiri wake, kanzu imeshonwa kiraka mabegani, makubadhi yamefungwa kwa uzi. Alimleta mkewe kwa ajili ya macho. Alitozwa kidogo kuliko bei ya karafuu zangu. Akampongeza mume wangu kwa mavazi.

Ningeweza kumwambia karani ukweli, lakini mume wangu alikuwa ameshasema "inshallah" kwa sauti ya mtu mwenye mali, na mwanamume akishasema hivyo mbele ya tajiri wake humrudishi nyuma.

Siku nne zile nilizitumia kujitayarisha kwa mauti. Nilianza na jirani yetu, mjane wa Unguja aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu pekee niliyezungumza naye lugha yangu mchana kutwa. Nilimwomba anilelee binti yangu mdogo nikiwa hospitali, na baadaye pia ikiwa sitarudi. Nikamwomba radhi kwa kuwa niliwahi kusema maandazi yake ni mazito. Akasema alijua, na amenisamehe. Nikamwachia wasia wa mbuzi yangu ya nazi. Aliichukua pale pale, akasema vitu kama hivi hupotea kwenye msiba.

Mume wangu nilimwomba radhi ya jumla. Akanisamehe bila ya kuuliza, maana alikuwa anatafuta wa kumkopa.

Akabaki mavyaa. Hapo nilijua pana kazi. Nilijifungia nikaitunga sentensi yangu kwa Kiarabu kilichonyooka, nikaipitia kama tulivyokuwa tukipitia sura chuoni. Alasiri ya mwisho nikamkuta uani anachagua mchele kwenye ungo. Nikakaa mbele yake, nikasema kwa irabu zake zote, kama nasoma khutba:

"Ammati, nakuomba radhi mbele ya Mwenyezi Mungu. Nafahamu Kiarabu tangu mwaka juzi."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Alinitazama, na nikaona machoni mwake anarudi nyuma siku moja moja, kahawa moja moja, akikusanya yote aliyoyasema mimi nikiwa nimeshika birika.

"Yote?" akauliza.

"Karibu yote."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa, akaendelea na kazi yake. Nilisubiri radhi, haikuja. Ndipo iliponipambazukia kwamba nimekwenda kuungama kosa langu, na katika kuliungama nimemsomea yake. Nikaenda kulala na njaa, kwa amri ya nesi, na bila ya radhi, kwa akili zangu mwenyewe.

Asubuhi, mume wangu alipokuwa bado hajui atamwambia nini karani, mavyaa alitoka chumbani kwake na mto wake wa kulalia. Akaufumua pembeni kwa kisu, akamimina juu ya sinia riali za fedha, zile nzito zenye sura ya malkia wa Kizungu. Sote tulijua zilikuwepo, na tulijua ni za nini: sanda yake, waosha, na chakula cha hitima. Mwanawe akaanza kukataa kama desturi inavyotaka. Mavyaa hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Nnalipa upone," akasema. "Nna maneno yangu ya kukujibu, na sitaki kwenda kuyasema juu ya kaburi."

Lango la mji lilipofunguliwa tukapanda gari la kukodi. Mavyaa alikuwa ameshaketi mbele, na sufuria, mchele, jiko la mafuta ya taa na godoro. Hakuna aliyemwambia kwamba yeye ndiye mpishi wangu.

Habari ya upasuaji sina, maana sikuwapo. Nakumbuka meza baridi katika joto la kiangazi, kitambaa puani, harufu tamu inayokereketa koo, na daktari akiniambia nihesabu. Nilianza kwa Kiarabu kwa kumheshimu, nikafika tatu, nikaendelea kwa Kiswahili, na baada ya saba sijui.

Nilipozinduka kinywa kilikuwa kimejaa pamba na damu, uso umevimba mpaka jicho moja limefumba, na kichwa kimefungwa kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, hasa kama afungwavyo maiti. Mama wa kitanda cha pili aliponiona akasema "inna lillahi" akajifunika uso. Nilipotikisa mkono akapiga kelele, na nesi akaja kumtuliza yeye kwanza.

Daktari alikuja na mizizi miwili ndani ya kisahani, mmoja umepinda kama ndoano. Alipendezwa nayo sana. Amri yake ilikuwa hii: juma zima nisitafune na nisiseme neno, mshono usije ukafumuka. Alimwambia mavyaa, kwa sababu mavyaa ndiye aliyekuwa kando yangu. Mavyaa akaitika kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kwake.

Daktari alipoondoka akasogeza mkeka karibu na kitanda, akakunja miguu.

"Haya," akasema. "Sasa nisikilize wewe."

Alianza na mwaka wa kwanza. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Mimi niliyoyasikia nilikuwa nimeshayasahau nusu, yeye alinirejeshea yote, siku na mahali, na kila moja akalieleza. Alisema nacheka mno, ndiyo, na bado nacheka mno. La mwanawe kustahili bora, alilisema siku nilipounguza sufuria yake ya mahari, na mtu yeyote angelisema. La wali hakulifuta hata kidogo. Kila jibu lilikuja na kijiko cha shurba ya ngano aliyoipika uani na kuichuja kwa kitambaa chake cha kichwa, na kwa kuwa nilikuwa na njaa ya siku mbili, nilimeza vyote viwili. Kila nilipotaka kujitetea, nilitoa mguno, naye akaweka kidole midomoni akanikumbusha mshono.

Siku ya tatu akapangusa kijiko, kisha akasema maneno mawili ambayo sikuyatazamia. Aliyasema kwa Kiswahili, kwa matamshi ya kwao, lakini barabara:

"Kizee hichi."

Nilihisi damu inanipanda hadi kwenye kitambaa. Hayo yalikuwa maneno yangu ya jikoni, niliyokuwa nikimwambia moto kila mavyaa aliponipa mgongo. Akanieleza kwamba marehemu mumewe alikaa Unguja miaka tisa kabla ya kumwoa, na aliporudi alikuwa akimwita hivyo mama yake mzazi, na mama yule akidhani anaombewa dua. Siku moja mume akamfichulia mkewe maana yake, wakacheka, ikawa siri yao. Kwa hiyo tangu juma la kwanza nilipoingia nyumbani kwake alijua ninachomwambia moto.

Nilimuuliza kwa jicho langu moja lililo wazi kwa nini hakusema.

"Ningekwambia nafahamu," akasema, "ungeanza kunisema kwa adabu. Na mimi mashoga zangu huja alasiri tu. Asubuhi ni ndefu."

Nilicheka. Sikukusudia, lakini kicheko kilinitoka puani, mshono mmoja ukakatika, na damu ikachuruzika shingoni. Nesi alikuja mbio, akamkaripia mavyaa kwa kumzungumzisha mgonjwa. Kiarabu cha nesi kilikuwa na lafudhi ya Kihindi, lakini kilifahamika vizuri. Mavyaa akamtazama kwa adabu, akatabasamu, asifahamu hata neno moja. Nesi akashusha pumzi, akaondoka. Nilizibana mbavu zangu kwa mikono miwili nisikate mshono wa pili.

Siku ya tano, akiwa anakoroga uji na jasho linamtoka, alisema, kama mtu anayetaja bei ya kuni, kwamba amenisamehe yangu, na ya kwake nimsamehe nitakapoweza kusema. Niligonga ukingo wa kitanda kwa kidole mara mbili. Akasema hiyo haitoshi, atangoja neno. Nyuzi zilipotolewa, neno la kwanza lililotoka katika taya lililokaza lilikuwa hilo, na lilitoka vibaya, kama la mtoto. Akalikubali.

Tulirudi nyumbani kabla lango halijafungwa. Kwa wiki mbili zaidi nilisukutua maji ya chumvi, nikala shurba, wali uliopondwa na maziwa. Binti yangu alinikimbia siku mbili za mwanzo kwa sababu ya uso. Jirani yangu alikuja kunipa pole, akafurahi kwa dhati kuniona hai, na hakugusia habari ya mbuzi. Nilipoigusia mimi akasema wasia ukishapokelewa umepokelewa, na kosa la kutokufa si lake. Tukaafikiana ikae kwake na mimi niende kukuna huko, na nazi zenyewe zilikuwa adimu, kwa hiyo haikuwa hasara kubwa. Riali za mavyaa mume wangu alizirudisha kidogo kidogo mpaka mwaka uliofuata. Mavyaa alizihesabu kila mara zilipoingia ndani ya mto wake wa kulalia, akasema mpaka zitimie hana ruhusa ya kufa.

Mwezi mmoja baada ya upasuaji, mashoga wa kahawa walirudi. Nilidhani mavyaa amewatahadharisha. Hakuwatahadharisha. Aliwaacha wakae, wanywe finjani ya kwanza, wale tende. Mmoja wao akanitazama, akasema ugonjwa umenifaa, nimepungua, na huenda sasa nikapika wali usio na mafuta. Wenzake wakacheka. Mavyaa akanigeukia akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kila siku, taratibu, mimi nasemaje juu ya hilo.

Nikajibu kwamba wali wa bibi huyu niliula arusini kwa bintiye, na mafuta ningeyatamani.

Nilitazama wanawake watano wakirudi nyuma miaka mitatu, kila mmoja kwa njia yake. Mmoja aliweka finjani chini polepole sana. Mmoja akakumbuka kwamba ana mtoto mgonjwa nyumbani. Mavyaa alikuwa anapangusa birika kwa utulivu, na sijapata kumwona amependeza vile.

Walirudi, maana kahawa ya mavyaa ilikuwa nzuri. Lakini tangu siku ile walinisifu. Walisifu upishi wangu, cheko langu, malezi yangu, Kiarabu changu, hata meno yangu yaliyobaki, kwa zamu, mpaka kahawa ikapoa. Nilivumilia mpaka Ramadhani ilipokaribia. Baada ya hapo, wakiingia tu, nikawa nasingizia kazi jikoni.